Francis Kéré na lile paa lililonyanyuliwa

Kama uliwahi kusomea chini ya bati mwezi wa pili hapa Mombasa basi huyu mtu utamwelewa haraka sana, wala huhitaji digrii ya ujenzi. Naongelea yale madarasa ya bati lililokaa chini chini, dari hakuna, madirisha madogo ya vyuma upande mmoja tu, watoto wamebanana, na ikifika saa sita mchana mwalimu anasema lakini hakuna anayeshika kitu manake kila mtu anajipepea na daftari. Mimi nimesomea humo. Shule yenyewe siitaji jina, ziko nyingi za namna hiyo kutoka Kisauni mpaka Likoni, na watoto wa dada yangu wanasomea humo humo mpaka leo.

Sasa kuna huyu bwana anaitwa Diébédo Francis Kéré, msanifu majengo, mzaliwa wa Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker. Hiyo ndo tuzo watu wa usanifu duniani wanaihesabu kuwa kubwa kuliko zote, ilianza 1979, na tangu ianze hakuna Mwafrika aliyewahi kuipata mpaka alipofika yeye. Wengi walioandika habari zake wamekimbilia medali na majina ya miji na vyuo, Berlin, London, Harvard. Mimi nataka kuanza na joto, manake kazi yote ya huyu mtu naiona imeanzia kwenye darasa moja la joto, na baada ya miaka karibu hamsini bado anahangaika na swali lile lile: mtoto akae vipi ndani bila kuungua?

Alizaliwa 1965 kijiji cha Gando, enzi hizo nchi bado inaitwa Upper Volta. Umeme hakuna, maji safi hakuna, shule hakuna. Babake alikuwa chifu wa kijiji, yeye ndo kifungua mimba, na mzee alitaka awe na mtoto wa kumsomea barua zake, basi Francis akawa mtu wa kwanza pale kijijini kupelekwa shule. Akiwa na miaka saba akaachana na mamake akaenda kuishi mjini Tenkodogo. Huko ndo akakutana na lile darasa, la simiti, hewa haipiti, mwanga haba, watoto zaidi ya mia wamejazwa. Amelisimulia mara nyingi, na ukimsikiliza unajua kwamba halijamtoka mwilini.

Lakini kuna kisa kingine cha utoto wake ambacho mimi ndo kimenikaa. Anasema kila likizo ikiisha, kabla hajarudi shule, ilimbidi apite boma kwa boma kuaga. Na kila alikoingia kina mama walikuwa wanafungua nguo zao pale walipofungia visenti, wanampa senti yao ya mwisho. Yeye mtoto akashangaa, akamuuliza mamake kwa nini hawa wote wananipenda hivi. Mamake akamwambia wanachangia masomo yako, wanataka ufaulu, halafu siku moja urudi uje uwafanyie watu maisha yawe mazuri.

Watu wa pwani hapa hatuhitaji kuelezwa. Sote tumeona fundo la leso. Nimemuona bibi yangu kule Kwale akilifungua kwa meno kwa sababu vidole vilikuwa vimekakamaa, noti ya shilingi hamsini imekunjwa mpaka imekuwa kama kidonge, anampa mtoto wa jirani aliyeitwa kidato cha kwanza, mtoto ambaye hata hakuwa wa ukoo wetu. Ukishaona kitu kama hicho unaelewa deni lake likoje, halina karatasi wala tarehe ya mwisho, na huwezi kulilipa kwa pesa.

Kéré alilipa kwa shule. Ila safari yenyewe ilikuwa ndefu, na nataka niiseme kwa urefu wake kwa sababu watu wanapenda kuifupisha. Kwanza alikuwa seremala. Mwaka 1985 alipata ufadhili wa kwenda Ujerumani kusomea ufundi wa mbao, mchana anajifunza kutengeneza mapaa na fanicha, usiku anasoma masomo ya sekondari. Miaka kumi inapita hivyo. 1995 ndo anapata ufadhili wa kuingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin, Technische Universität, na akahitimu 2004 ana miaka 39. Hapa kwetu kijana akifika miaka 25 hajamaliza chuo watu washaanza kumnong'ona, ati ameshindwa na maisha, na akiwa anafanya kazi ya mbao ndo kabisa, utasikia si angesoma tu. Kwangu mimi ile miaka ya useremala ndo siri ya kila kitu alichokuja kufanya, manake seremala wa mapaa anajua jambo moja ambalo mchoraji wa ofisini anaweza kuzeeka hajalijua, anajua bati linawaka namna gani ukiwa umekaa juu yake.

Alafu hakusubiri amalize. 1998 bado mwanafunzi, akaanzisha pamoja na wenzake kajumuiya ka kuchangisha pesa huko Ujerumani, Schulbausteine für Gando, yaani matofali ya shule kwa ajili ya Gando. Pesa zikapatikana polepole, na 2001 shule ya msingi ya Gando ikawa imesimama. Halafu mwaka 2004 (mwaka ule ule wa kuhitimu!) ile shule ikapata tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo. Hebu fikiria, jengo lake la kwanza kabisa, karatasi ya digrii bado ina joto la mashine, tayari amesimama na watu ambao wamejenga viwanja vya ndege na misikiti mikubwa. 2005 akafungua ofisi yake Berlin, Kéré Architecture, ipo mpaka leo.

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe, na hapa naomba mnivumilie manake ndo utamu ulipo.

Aliporudi kijijini akawaambia watu tutajenga kwa udongo. Watu wakanuna. Na walikuwa na haki, kwa sababu nyumba ya udongo wanaijua wao, msimu mmoja wa mvua ukipita ukuta umeshaliwa chini, kila mwaka unakandika upya. Walitegemea huyu mtoto wao aliyekwenda Ulaya arudi na simiti na vioo. Kukawa na kazi ya kuwashawishi, na hakuwashawishi kwa maneno. Alijenga tao la udongo pale pale akapanda juu yake akaanza kurukaruka, lisianguke. Basi.

Udongo wenyewe hakuutumia vile vile ulivyo. Aliuchanganya na simiti kidogo akaugandamiza kwenye mashine ya mkono ukatoka matofali yaliyonyooka, magumu, yasiyoyeyuka na mvua. Watoto walibeba mawe ya msingi, kina mama walibeba maji ya kufinyangia, wanaume wakafundishwa kuchomelea. Sakafu ikapigwa na kina mama kwa mikono, wamekaa mstari wanaponda kwa pamoja kwa masaa huku wanaimba, kisha inasuguliwa kwa jiwe mpaka inang'aa. Mimi nilipoiona ile picha ya kina mama wa Gando wameinama nikasema hawa si watu wa mbali, hii ni siku ya kukandika nyumba kule Kwale au Kaloleni, kama ulivyoona mwenyewe, wanawake na ndoo za udongo na nyimbo zao, wanaume wamesuka fito na wamekaa pembeni.

Paa sasa. Darasa la kawaida lina bati, basi, na chini ya bati kuna vichwa vya watoto. Jua likipiga, bati linapata moto, na huo moto hauna pa kwenda isipokuwa chini. Kéré alikata hilo jambo mara mbili. Juu ya darasa aliweka dari ya matofali yaliyopangwa yakiwa na nafasi katikati, yanapumua. Halafu bati akalinyanyua mbali, akalibeba juu ya kenchi nyepesi za nondo, hizi nondo za kawaida za kuwekea zege, zimechomelewa pale pale saiti na vijana wa kijiji kwa sababu kreni hakuna na kila kitu kinabebwa kwa mkono. Kwa hiyo kati ya dari na bati kuna uwazi mkubwa ambao upepo unapita. Joto la bati linafagiliwa na upepo kabla halijashuka. Hewa ya moto ya ndani nayo inapanda yenyewe, inatokea kwenye zile nafasi za dari, na ikitoka inavuta hewa nyingine ya baridi kidogo iingie kupitia madirisha ya mabapa kwa chini. Hakuna feni wala waya wa umeme popote. Na bati limetokeza nje ya kuta kwa marefu, kwa hivyo mvua haiupigi ukuta na jua pia haliupigi.

Nilimuonyesha ami yangu hizo picha kwenye simu. Ami ni fundi, amejenga Mtopanga, Bombolulu, Mikindani, kote huko, na si mtu wa kusifu kitu ovyo. Akaikuza ile picha kwa vidole akaiangalia muda mrefu.

"Huyu amekaa juu ya paa huyu," akasema. "Sikiliza, dari imemfanyia kivuli mtoto, bati limeifanyia kivuli dari."

Nikamuuliza, "Ami, hapa kwetu itafaa?"

"Itafaa lakini si hivi hivi mwanangu. Mvua ya kusi inakuja ya ubavu, hapo kati itaingia. Na hizo nondo nyembamba chumvi itazila, baada ya miaka kidogo ushasikia limeanguka. Hapa weka mvinje. Na upenu uteremshe zaidi upande wa kusi."

Dakika tano tu hizo, na mimi nimesoma makala nyingi za watu wakubwa kuhusu Gando sijaona aliyeuliza habari ya chumvi. Na nadhani Kéré mwenyewe angefurahi kumsikia ami, manake hivyo ndo anavyofanya kazi, hachukui jengo la mahali fulani akaliangusha mahali pengine. Gando ni ukame, joto kavu, usiku kunapoa, ukuta mzito unakusaidia kwa sababu unashika baridi ya usiku mpaka mchana. Mombasa ni joto la unyevu, jasho halikauki, usiku wenyewe mwezi wa tatu upepo ukilala unalala juu ya sakafu na bado hupati afueni. Kwetu sisi kinachookoa ni hewa inayotembea, na kivuli. Kwa hivyo mtu akija kuniambia tujenge Gando hapa Kisauni nitamwambia hapana, tuchukue swali lake tu, jibu tunalo.

Na jibu tunalo kweli. Nenda Mji wa Kale, ingia vichochoro vya Kibokoni saa nane mchana halafu utoke barabara ya lami ya mjini uone tofauti kwa ngozi yako mwenyewe. Vichochoro vyembamba kwa sababu nyumba zinatiliana kivuli. Kuta nene za matumbawe na chokaa. Vyumba virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kuvuka zaidi ya kama mita tatu hivi, na wenyewe wala hawakuona taabu, wakakipa chumba urefu badala ya upana. Roshani za mbao zenye matundu, upepo unaingia na mtu wa nje hakuoni. Baraza nje ya mlango. Ukija Majengo kwenye nyumba zetu za Kiswahili za baadae, ukumbi unakata nyumba kutoka mlango wa mbele mpaka uani, ukifungua milango yote miwili upepo unapita kama mtu ana haraka, na makuti juu yanapumua yenyewe. Hizo nyumba hazikuchorwa na msanifu yeyote mwenye jina. Zimechorwa na mafundi kama ami, kwa miaka mia kadhaa, kila mmoja anarekebisha kidogo.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa tangu 1990, na ni vizuri, lakini kuhifadhi kwetu tumeelewa ni kwamba tusibomoe milango watalii wapige picha. Huku nje ya Mji wa Kale tunajenga nini? Slabu bapa, vyumba vidogo, kioo upande wa jua la magharibi, halafu kiyoyozi, na asiye na pesa ya kiyoyozi akae kwenye tanuri lake. Ndugu zetu wako Uarabuni wanatuma pesa kwa jasho kweli kweli, na ile pesa inaishia kwenye slabu ambayo mama yao hawezi kukaa chini yake mchana, anatoka anakaa nje kwenye kivuli cha mwarobaini. Hili linaniuma. Si kosa lao, ndo picha ya nyumba nzuri tuliyouziwa, ile ile waliyokuwa nayo watu wa Gando walipotaka vioo.

Watu wanamdhania Kéré adui wa simiti, si kweli. Simiti imo kwenye matofali yake, kwenye mikanda ya juu ya kuta, nondo ndo zimebeba mapaa yake. Sisi ambao kiwanda kiko Bamburi hapa hapa hatuna sababu ya kujifanya hatuijui. Anachokataa ni kuitumia pasipohitajika kwa sababu tu inaonekana ni ya kisasa.

Baada ya ile shule kazi ziliendelea pale pale Gando. Nyumba za walimu, 2004. Shule yenyewe wakaipanua 2008, kutoka wanafunzi 120 ikafika 700. Wakaanza maktaba, na hii maktaba nataka muione kwa akili: kina mama walileta vyungu vyao vya kufinyanga kutoka majumbani, vikakatwa juu na chini vikabaki pete, vikapangwa kwenye paa kabla zege halijamwagwa. Zege likikauka unapata dari yenye matundu ya duara, mwanga unaingia kwa miviringo na hewa ya moto inatokea humo humo. Chungu cha kupikia cha mtu fulani sasa kinampa mtoto wake mwanga wa kusomea. Mimi kwa hilo peke yake ningempa tuzo.

Koudougou, mji mwingine wa Burkina Faso, kuna sekondari inaitwa Lycée Schorge, 2016. Kuta zake ni za jiwe jekundu la laterite ambalo likichimbwa ni laini unalikata unavyotaka, kisha likikaa kwenye hewa linakuwa gumu. Nilipolisoma hilo niliruka, kwa sababu matumbawe ya baharini ndo hivyo hivyo, wazee walikuwa wanayachonga yakiwa bado mabichi yametoka majini, wanatia nakshi na vidaka, halafu yakikauka hakuna patasi itakayoyasogeza. Watu wawili wako pembe mbili za Afrika hawajawahi kuonana wanafikiria jambo moja. Na nje ya madarasa aliweka viambaza vya miti ya mikaratusi, miti ambayo huko watu wanaitumia sana kwa kuni, ikageuka kivuli ambacho watoto wanakaa chini yake wakati wa mapumziko.

Nje ya nchi yake orodha ni ndefu na sitaipitia yote. Kuna majengo ya hifadhi ya taifa kule Bamako, Mali, 2010. Kuna kliniki ya upasuaji ya Léo, 2014, ingawa hiyo iko kwao Burkina Faso. London 2017 alijenga lile banda la muda la jumba la sanaa la Serpentine kwenye bustani za Kensington, paa kama tawi la mti, kuta za buluu, mvua inakusanywa juu inamwagika katikati. Montana Marekani 2019 alijenga kibanda cha magogo cha kukaa tu watu wapumzike. Ni vizuri, vinapendeza, lakini nasema wazi kwamba kwangu mimi havifiki Gando. Banda la London lilivunjwa msimu ulipoisha. Darasa la Gando lina mtoto ndani kesho asubuhi.

Kenya pia amejenga na nashangaa ni wachache wanaolijua hili. Ukingoni mwa Ziwa Turkana kuna kampasi ya Startup Lions, ilimalizika 2021, vijana wa Turkana wanafundishwa mambo ya kompyuta na kupata kazi za mtandaoni. Joto la Turkana mnalijua, na vumbi lake. Kéré aliangalia vichuguu. Vile vichuguu virefu vya mchwa vilivyosimama kila mahali kule Turkana, akaona mchwa wameshatatua tatizo, hewa moto inapanda juu inatoka. Basi jengo lina minara mirefu inayotoa joto la ndani kwa juu, na hewa safi inaingia kwa chini bila kubeba vumbi sana, na kompyuta haziungui. Mawe ni ya huko huko, yamepigwa plasta ya rangi ya udongo mpaka jengo na kilima huwezi kujua kimoja kimeishia wapi. Kutoka hapa Mombasa mpaka Turkana ni mbali kuliko watu wengi watakavyowahi kusafiri, lakini ni nchi moja, serikali moja, wizara ya elimu ni moja. Mtu akikwambia ujenzi wa aina hii hauwezekani Kenya mwambie aende akauguse.

Siku hizi anaitwa kwenye mambo mazito. Bunge la Burkina Faso lilichomwa na waandamanaji Oktoba 2014 wakati rais Blaise Compaoré alipotaka kujiongezea muda baada ya miaka 27, na Kéré akachora bunge jipya ambalo paa lake ni ngazi, mwananchi anapanda juu ya vichwa vya wabunge anakaa. Lile mpaka sasa ni mchoro. Benin wao walimpa bunge la Porto-Novo, akalichora kama ule mti mkubwa ambao watu wa kijiji wanakaa chini yake kuzungumza mambo yao. Na Ouagadougou 2025 lilifunguliwa kaburi la kumbukumbu la Thomas Sankara, aliyekuwa rais wa nchi hiyo, na wenzake 12 waliouawa naye Oktoba 1987, nalo ni kazi yake. Huyu aliondoka nchini kwenda kusomea useremala wakati Sankara ndo yuko madarakani, amerudi kumjengea anapolala. Kuhusu mabunge sina hakika moyoni, nasema ukweli, jengo la wazi halimfanyi kiongozi awe muwazi. Lakini afadhali mtu wa Gando achore kuliko kununua mchoro uliotengenezwa kwa ajili ya mji mwingine.

Kuna wanaomlaumu kwamba anaishi Berlin, anafundisha Munich, amefundisha Harvard na Yale, sasa huyo karudi kwao vipi. Mimi siungi mkono hayo maneno. Kina mama wa Gando hawakumwambia aje akae. Walimwambia aje afanye kitu. Na alichofanya ambacho sikioni kinasemwa vya kutosha ni kwamba ameacha mafundi. Wale vijana waliofundishwa kuchomelea nondo na kupiga matofali kwenye ile shule ya kwanza walipata ujuzi wa kuwalisha, wengine wakaenda naye saiti nyingine. Kontrakta wa kawaida anakuja na watu wake, anajenga, anaondoka na watu wake, mtaani mnabaki na jengo tu. Hilo tumeliona hapa mara ngapi, vijana wa mtaa wamekaa barazani wanaangalia watu wa mbali wanajenga shule ya watoto wao.

Kwa hivyo ami na mimi tumeamua tusiishie kuangalia picha. Kuna madrasa mtaani kwetu, vyumba vitatu, bati la chini, watoto wanaingia saa nane mchana jua likiwa kali kabisa. Tumezungumza na ustadh na wazazi. Tunaanza na chumba kimoja: kufungua matundu juu ya kuta pande mbili, kutia dari ya makuti yaliyosukwa yakiacha nafasi, na kulinyanyua bati juu ya miti ya mvinje, upenu mrefu upande wa kusi kama ami anavyotaka. Vijana sita wa mtaa ndo watakuwa vibarua, ami amesema hatapokea hela ila kila mmoja wao lazima aweze kusuka kenchi peke yake kazi ikiisha. Wazazi wengine wamekataa katakata, wanasema pesa ikipatikana bora inunuliwe feni, na mmoja akauliza mbona makuti, tunarudi nyuma? Ami akamwambia njoo ukae ndani mwezi wa pili ujao, chumba hiki halafu kile, uchague mwenyewe. Miti ya mvinje tumeshaulizia bei, mabati yatatumika yale yale ya zamani, na tunangoja mvua za masika ziishe tupande juu.